Usipande Ndege Kabla ya Jibu

S.L.P. 17,
Matai, Kalambo,
Rukwa.
10 Desemba 2025

Mpendwa mwanangu Silvana,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungekwisha kupiga goti na kusema shikamoo, basi naipokea kabla hujaitamka. Hujambo lakini? Baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi mbili kama ulivyokuwa ukilala hapa mwezi wa Juni? Unakula? Usinitajie mkate. Nauliza kama unakula.

Sisi huku tu wazima wa kuonekana kwa macho. Mvua zimeanza mapema, mahindi yamefika magotini, na maharage ya nyuma ya jiko yameshatambaa mpaka kwenye kaburi la baba yako, nami nimeyaacha, maana Raymond alikuwa anapenda maharage. Mimi nina kikohozi tangu Oktoba. Nasema ni vumbi la ulezi niliopepeta. Hospitali ya mkoa wamenipiga picha ya kifua na kuniambia nirudi tarehe tano Januari kuchukua majibu. Kwa hiyo mwanangu, mimi nawe wote tunangoja majibu. Usilifikirie sana hilo, nimelitaja tu kwa kuwa sikukulea kwa uongo.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu haipo. Tangu juzi Jumatatu iko kwa baba yako mkubwa Eustace. Anasema kioo kimepasuka, ameipeleka kwa fundi Sumbawanga mjini. Kioo hicho kimepasuka tangu mwaka juzi na hakijawahi kumkosesha usingizi. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ulishike ni hili: ukiona namba yangu inaita, usidhani ni mimi.

Barua hii anaibeba Sista Valeria, yule mnene wa zahanati, anayekuja huko Uingereza Ijumaa hii kwenye kikao cha shirika lao. Ataitia posta akishuka tu. Nitampa nikiwa nimeitumbukiza ndani ya kitabu cha nyimbo, naye ataipokea bila kuuliza, na watawa wasipouliza ujue wameshaelewa.

Sasa nianze na kosa langu, maana kabla ya kumsema mtu mwingine ni haki nijiseme mwenyewe.

Ulipopiga simu katikati ya Novemba kwamba matokeo yametoka na umefaulu, nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikamwagika. Jumapili iliyofuata nikachukua jogoo na debe la ulezi, nikaenda navyo kanisani kwa misa ya shukrani. Nikamwandikia katekista tangazo kwa mwandiko wangu uleule wa ubaoni, asije akakosea: familia ya marehemu Raymond inamshukuru Mungu kwa binti yao Silvana kumaliza masomo Uingereza. Akalisoma vizuri, watu wakapiga vigelegele. Eustace alikuwa benchi la tatu. Nilimwona shingo yake ikinyooka.

Hujawahi kuona kigoda kikikaliwa, na sijui kama bibi yako alikueleza yote. Nikueleze mimi. Kile kigoda cha miguu mitatu kilichokuwa chini ya kitanda chake si cha kukamulia ng'ombe. Katika ukoo wetu kinatoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Sisi mabinti kinaturuka. Binti ni mlinzi wake tu, anakifuta vumbi, anakifunika kaniki, hakikalii. Siku ya kuanua tanga, aliyetajwa na marehemu hupakwa unga wa ulezi kwenye paji la uso, hukalishwa mbele ya mwanamke mwenzake wa nyumba hiyo, na kuanzia hapo jina la marehemu ni lake. Hata awe na miaka ishirini, wenye mvi humwamkia shikamoo. Na kikishakaliwa hakikaliwi na mwingine mpaka huyo naye afe.

Bibi yako Josefina alikutaja wewe. Ilikuwa Julai, siku mbili kabla hajafa, tukiwa wodini mimi na Eustace na wifi yangu Rozina. Alisema jina lako mara moja, akageukia ukutani.

Wewe ulikuwa unaandika tasnifu yako, tukazika bila wewe. Hakuna aliyekulaumu. Wazee walikubali tanga lingoje kwa sababu ukoo huu una neno lake la zamani: aliye mafunzoni haitwi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wasichana waliowekwa ndani kufundwa, na wazee walikubali kwamba chuo nacho ni mafunzo. Lakini neno hilo lina mkia: akimaliza, ameitwa. Nami, na jogoo wangu kwapani, ndiye niliyewatangazia kanisa zima kwamba umemaliza.

Kwetu kumaliza ni kumaliza. Mtu akimaliza shule anakunja godoro, anafunga sanduku, anarudi kwao. Sikujua kwamba huko kumaliza ndipo mtu anapotakiwa atulie kuliko siku zote alizosoma. Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto kusoma maagizo kabla ya kujibu swali, na mimi sikusoma.

Aliyenifungua macho ni kaka yako Wilibrodi, wa marehemu baba yako mkubwa Loth. Alisikia habari za tangazo huko Kasanga, akapanda na lori la samaki, la migebuka, siku hiyohiyo. Alifika ana vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Hakukaa, hakunywa maji. Aliniuliza kitu kimoja tu: umeshatuma ombi au bado? Nikamwambia ulinipigia tarehe 24 Novemba ukasema umetuma. Akakaa chini pale pale mlangoni, akashika kichwa.

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mwanafunzi wa darasa la tatu. Tukageuza kalenda ya jimbo, nikawa naandika nyuma yake anavyosoma kwenye simu yake. Visa yako ya mwanafunzi inakwisha tarehe 19 Januari. Hiyo nyingine, ya kumruhusu aliyemaliza chuo abaki afanye kazi miaka miwili, huiombi mpaka chuo chako kiwe kimeshaiarifu serikali kwamba umemaliza, na lazima uiombe kabla ile ya mwanafunzi haijakwisha. Unaiomba ukiwa humohumo ndani ya nchi. Huiombi ukiwa Matai, huiombi ukiwa Dar es Salaam. Na ukishaiomba, hutoki mpaka jibu lije, ambalo huweza kuchukua hata wiki nane. Ukitoka kabla ya jibu, hawakunyimi. Wanahesabu kwamba umeliondoa ombi mwenyewe.

Hapo nilimwambia arudie, nikidhani amesoma vibaya. Akarudia. Kisha akaniambia maneno ambayo tangu siku ile yananiamsha:

"Shangazi, mimi hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza mwenyewe, kwa tiketi niliyochangiwa na ukoo."

Unajua alivyokuwa. Alikuwa na shahada ya pili ya mambo ya maji na kazi ilikuwa inamngoja. Loth alipofariki, Januari ile ya mwaka 2023, ombi lake lilikuwa na wiki tatu. Eustace alimpigia akamwambia, njoo utupe udongo mikono miwili, wiki mbili urudi. Alikuja, akatupa udongo. Wiki mbili zikaisha, akaenda uwanja wa ndege na begi lake, akarudishwa palepale kaunta kwa kuwa hakuwa na ruhusa yoyote tena ya kuingia. Leo anahesabu mifuko ya saruji inayopakiwa meli za Kongo. Na wazee wakimzungumzia wanasema Ulaya ilimshinda kwa sababu ya kiburi.

Kwa hiyo nikaenda kwenye kikao chao. Mwanamke mmoja na kalenda yake. Nikawasomea yote, moja baada ya jingine. Eustace alisikiliza vizuri, nisimsingizie. Alipokuwa mtendaji wa kata alikuwa na sifa ya kusikiliza mpaka mwisho kisha kufanya alichokuwa ameshaamua. Nilipomaliza akaniomba niwaonyeshe hiyo karatasi ya ombi. Nikamwambia hakuna karatasi, mambo yote yako kwenye mtandao, hata visa yenyewe siku hizi iko humohumo. Wakatazamana.

"Ruhusa isiyo na muhuri ni ruhusa ya nani?" akauliza, na wazee wakacheka kidogo puani.

Ndiyo siku ile tuliyokupigia tukakuweka kwenye sauti kubwa. Ulieleza vizuri sana, mwanangu, kwa heshima, ukasema kazi ya maabara ya mbegu wanakushikia mpaka Februari na wanachotaka ni uthibitisho tu wa kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Ulisema utakuja jibu likishatoka, hata siku ya pili yake. Wakakujibu sawa, sawa, sawa. Ulidhani wamekubali. Silvana, wazee wakisema sawa mara tatu hawajakubali hata moja. Ulipokata simu walipanga tarehe: Jumamosi ya 27 Desemba, watu wote wakiwa wamekuja kwa Noeli.

Usimchukie baba yako mkubwa. Nakuomba kabisa. Nimekasirika naye mpaka nimeshindwa kumpikia, lakini si mtu mbaya, ni mtu mwenye hofu. Wiki ile ile ya kikao radi iliua maksai wake wawili wakiwa wamefungwa nira, na aliyekuwa ameshika plau hakupata hata kovu. Siku nne baadaye mjukuu wake, yule wa Sumbawanga, akaanza kuamka usiku anamwita bibi ambaye hakuwahi kumwona. Mimi nasema maksai hufa kwa radi kila mwaka katika uwanda huu na watoto huota. Nasema hivyo mchana. Lakini mimi ndiye ninayelala chumba kimoja na kile kigoda, na nakuambia ukweli, tangu Novemba kaniki yake naikuta asubuhi imekunjwa pembeni, nami sikumbuki kuikunja.

Wazee wana usemi wao kwamba kigoda kitupu hutafuta wa kukikalia. Asipokuja aliyetajwa, kinamchukua wa karibu.

Alhamisi iliyopita Rozina alikuja kuazima ungo. Rozina ana nyungo tano. Akasimama mlangoni, akawa anaukagua ungo wangu kama anaununua, akasema kwa sauti ya chini kwamba ulezi wa pombe umeshalowekwa, na tiketi yako imeshakatwa, ya tarehe 20. Nikamwambia Silvana hatapanda. Akasema atapanda, kwa kuwa atapigiwa simu aambiwe shangazi yake hajiwezi. Akaondoka, na ungo akauacha.

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Nilijua utakuja. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko radi zote. Wakikuambia nyumba imeungua hutakuja, wakikuambia shamba limeuzwa hutakuja, lakini wakikuambia Monika anakufa utapanda ndege na ndala miguuni. Nami ndiye niliyekulea hivyo tangu mama yako alipotuachia ukiwa wa miaka minne. Nilikumbuka ile siku mahindi ya baba yako yalipokauka yote yakiwa yameshabeba, Raymond amesimama katikati ya shamba hajui ni ugonjwa gani, na wewe una miaka kumi na moja ukasema utajua wewe. Umejua. Umebakiza wiki chache tu wakupe mlango wa kuingilia.

Basi Jumapili hii iliyopita, baada ya misa, nilimwita Rozina. Nikasaga konzi moja ya ulezi. Nikatoa kigoda chini ya kitanda, nikakiweka katikati ya chumba, nikamwambia anipake. Alikataa. Nikamwambia aliyeleta maneno nyumbani kwangu ndiye atakayeshuhudia. Akanipaka, unga ukaniingia machoni.

Nikakaa.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi, ya mwalimu wa darasa la tatu. Kikishakaliwa hakikaliwi na mwingine. Nikiwa nimekaa mimi, hakuna wa kuitwa. Mlinzi haruhusiwi kukaa, najua, lakini hakuna anayejua namna ya kumvua aliyekwisha kukaa. Ndivyo nilivyodhani.

Eustace aliletewa habari, akaja kabla ya jua la saa nane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, hata ya Kifipa. Alisimama mlangoni akanitazama na unga wangu usoni. Akavua kofia. Kaka yangu huyo ana miaka sabini na mbili, alinifundisha kuendesha baiskeli, alinichapa nilipovunja mtungi. Akapiga magoti sakafuni, polepole kwa ajili ya goti lake baya.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Silvana, nimeogopa mara chache maishani. Sikuogopa Raymond alipokuwa anakata roho mikononi mwangu, nilihuzunika tu. Lakini sauti ile iliniingia mifupani. Nami nikaitikia. Mdomo wangu uliitikia marahaba mwanangu kabla sijauambia.

Ndipo akaanza kulia, na akiwa analia akanieleza ambalo sikulijua. Kwamba mlinzi aliyekaa hafikii ulezi mpya. Ulezi wa msimu huu tunaupanda wiki hii, unavunwa Mei. Na kwamba dawa yake ni moja tu: aliyetajwa aje, amshike mlinzi mkono, amwinue, akae yeye, na lazima iwe kabla tanga halijaanuliwa. Yaani kabla ya tarehe 27. Nikamuuliza amelipata wapi hilo. Akasema aliambiwa na mama yetu mwenyewe. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba amelitunga palepale magotini, maana utendaji wa kata ni kazi ya kutunga sheria mlangoni mwa mtu. Nimemtazama kwa miaka hamsini na tisa na bado sijui. Kesho yake ndipo alipokuja kuchukua simu.

Kwa hiyo sasa unaelewa. Simu watakayokupigia haitakuwa ya uongo tu wa kwamba naumwa. Watakuambia njoo umwinue shangazi yako, usipokuja umemuua. Watakuambia hivyo kwa namba yangu. Huenda watamweka Rozina aongee, naye atalia kweli, kwa kuwa anaogopa kweli. Huenda watakupa na mimi niongee, nami sijui kama mdomo wangu siku hiyo utakuwa wangu.

Nilitaka tuwekeane ishara ya siri, swali ambalo mimi peke yangu ningelijibu, ili umtambue mwongo. Nimelifikiria tangu jana jioni nikiwa naandika. Kisha nikaona halina kazi. Ishara ni ya kukusaidia kujua kama habari ni ya kweli au ya uongo. Mimi nakuambia usije hata ikiwa ya kweli.

Nisikilize vizuri hapa, maana sehemu hii siirudii. Wakikuambia naumwa, ngoja jibu. Wakikuambia nimelazwa, ngoja jibu. Wakikutumia picha yangu kitandani, nami ninavyokohoa siku hizi picha hiyo haitakuwa ngumu kupatikana, iangalie, nililie kidogo kama unataka, kisha ngoja jibu. Wakikuambia nimekufa, waambie wanizike karibu na Raymond na maharage wasiyang'oe, na wewe ungoje jibu. Udongo hata akitupa mtu mwingine unafunika. Wilibrodi aliutupa kwa mikono miwili, na baba yake hakuinuka.

Jibu likija, na likiwa la kukukubalia, ndipo ukate tiketi yako mwenyewe, ya kwenda na kurudi, kwa tarehe utakayoichagua wewe. Kabla hujapanda soma tena masharti yote, hata yale ya herufi ndogo. Uje umebeba ruhusa yako ya mtandaoni, na nakala yake kwenye karatasi pia, ili baba yako mkubwa apate kitu cha kushika. Ikiwa nimekaa bado pale chumbani, utanishika mkono uniinue, tutacheka wote wawili, na nitakupikia ugali wa ulezi mpya.

Na ikiwa tanga litakuwa limeshaanuliwa na dawa imeshapita wakati wake, basi imepita. Sikukaa pale kwa sababu nilipenda kigoda. Nilifungua mdomo kanisani nikakuita bila kujua, na hili ndilo nililoona la kunyamazisha mwito. Usije kuniinua, mwanangu. Niache nikae.

Usiku sasa unaingia na mvua inajikusanya upande wa Zambia. Nataka kumaliza kabla sijawasha taa, maana nikiwasha taa chumba hiki kinakuwa na vivuli vingi kuliko watu.

Wilibrodi anakusalimu, amerudi Kasanga, anasema ukipata jibu jema usimwonee haya kumwambia. Rozina anakusalimu, ingawa hakuniambia, naona tu machoni. Mjukuu wa Eustace ameanza kulala vizuri tangu Jumapili, kila mtu amelisema hilo ila mimi. Baba yako mkubwa mwenyewe nampelekea salamu zako kila asubuhi anapokuja kuniamkia, nikizitunga, maana nataka siku utakayokuja ukute bado mnapendana.

Mungu aliyekuvusha bahari akushike hapo ulipo. Mama Maria akukinge na baridi, na simu, na sauti zote zinazokujua jina. Akupe jibu jema, na akupe moyo mgumu wa kulingoja.

Ni mimi niliyekulea na nikupendaye bila kipimo,

Shangazi yako,
Monika

Nimesahau la muhimu. Usinijibu kwa simu, na usiandike jina langu juu ya bahasha, barua za Monika sasa zinapita kwanza mikononi mwa Eustace. Andika jina la Josefina, kwa sanduku hilohilo. Barua ya marehemu hakuna mtu wa nyumba hii atakayethubutu kuifungua. Wataiweka juu ya kigoda, na mimi nitaipokea, nikiwepo.